Dima na balbu za LED: kutafuta chanzo cha taa kuchezacheza, kuvuma au kugoma kuzima

Taa zikianza kuchezacheza baada ya kutoa balbu za zamani na kuweka za LED, balbu ndiyo husingiziwa kwanza. Hununuliwa nyingine, nazo zinacheza vilevile. Hununuliwa za bei kubwa zaidi, bado hazitulii. Kumbe mara nyingi balbu ni nzima na dima, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, nayo ni nzima, ila haziendani. Kabla ya kutoa fedha tena, soma kilichoandikwa kwenye dima na kwenye balbu, kisha fanya majaribio mawili yaliyoelezwa hapa chini. Yatakuonyesha upande wa kosa kabla hujagusa waya hata mmoja.

Kinachotokea ndani

Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka kama wimbi, mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, na kila wimbi lina nusu mbili. Dima hukata kipande cha kila nusu. Penye umeme wa mawimbi 50, hukata mara 100 kwa sekunde. Balbu ya zamani haikusumbuliwa na mikato hiyo, kwa sababu waya wake uliokuwa ukiwaka haukuwahi kupoa kati ya mkato mmoja na mwingine, na jicho likaona mwanga uliotulia.

LED hujibu papo hapo. Ndani ya kitako cha balbu yake kuna saketi ndogo, draiva, inayogeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu unaofaa LED. Draiva isiyotengenezwa kwa ajili ya dima huona kipande kilichokatwa kama upungufu wa umeme na kujaribu kuufidia. Matokeo yake mwanga haupungui kwa muda, kisha unazima ghafla au unaanza kupepesa. Ndiyo maana balbu isiyoandikwa kwamba inakubali dima haina dawa yoyote upande wa swichi. Itoe, hata kama inaonekana inafanya kazi, kwa kuwa draiva yake inateswa na inaweza kufa mapema.

Dima nazo ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza hukata mwanzo wa kila nusu wimbi. Umeme unabaki umezimwa, kisha unawashwa ghafla katikati ya mpando. Hii ndiyo dima ya miaka mingi, iliyotengenezwa kwa balbu za waya na halojeni, na moyo wake ni triaki, swichi ya kielektroniki inayowasha umeme katika kila nusu wimbi. Ya pili hukata mwisho. Huanza na umeme ukiwa sifuri, unapanda taratibu, kisha dima inaukata kabla nusu haijaisha. Draiva nyingi za LED hupenda hii ya pili kwa kuwa haiushtukizi mkondo.

Kujua uliyo nayo, angalia herufi zilizochapwa mgongoni au ubavuni mwa dima. Dima nyingi zenye R na L hukata mwanzo, zenye R na C hukata mwisho, na zenye R, L na C zote zinaweza kufanya kazi kwa njia zote mbili.

Usalama kwanza, na usiuruke

Kuizungusha dima hadi chini au kuigusa izime si kuutoa umeme. Dima nyingi za kielektroniki hupitisha mkondo kidogo hata zikiwa zimezimwa. Kila unapotaka kuifungua, zima breka ya mzunguko huo kwenye boksi la breka, weka kibandiko ili mtu mwingine asiiwashe, kisha pima kwa kipimo cha volti. Anza kwa kukijaribu kipimo chenyewe mahali unapojua pana umeme, pima nyaya za dima, halafu rudi ukijaribu tena mahali pale pa kwanza. Kipimo kilichokufa huonyesha "hakuna umeme" kila mahali, na hapo ndipo watu huumia. Bisibisi yenye kitaa cha neoni isiwe tegemeo lako peke yake. Nchi nyingi zina sheria kuhusu nani anaruhusiwa kugusa nyaya zilizofungwa ukutani, na sheria hizo zifuatwe.

Majaribio mawili ya mwanzo

Jaribio la kwanza: chukua balbu inayosumbua uiweke kwenye taa yenye swichi ya kawaida, isiyo na dima kabisa. Iache kama dakika kumi. Ikicheza na huko, balbu ni mbovu au mzunguko wa nyumba una tatizo, na dima haina kosa. Ikitulia, endelea.

Jaribio la pili ndilo tunalolipenda zaidi. Kama taa zako zinatumia umeme wa ukutani moja kwa moja na ziko kadhaa kwenye dima moja, toa balbu moja ya LED na mahali pake weka balbu ya zamani ya waya au ya halojeni ya volti zilezile, ya wati 40 hivi. Hakikisha kwanza kwamba kishikilia balbu kinaruhusu wati hizo, na usiiache ikiwaka muda mrefu. Zungusha dima kutoka juu hadi chini. Kama balbu za LED zilizobaki zimetulia ghafla, umepata jibu: mzigo ulikuwa mdogo mno kwa dima. Kama bado zinacheza, aina ya dima na draiva za balbu haziafikiani, au kuna waya uliolegea.

Mzigo mdogo mno, na mzigo mkubwa mno

Hesabu hii inatatua malalamiko mengi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo ifanye kwa kalamu. Tuseme dima imeandikwa 60–400W. Chumba kilikuwa na balbu sita za wati 50, jumla wati 300. Dima ilikuwa katikati ya uwezo wake na haikulalamika. Zikabadilishwa kwa LED sita za wati 5. Jumla sasa ni wati 30, nusu tu ya kiwango cha chini kinachotakiwa. Triaki huhitaji mkondo wa kiasi fulani ili ibaki imewaka. Mkondo ukipungua chini ya hapo inajizima katikati ya wimbi, inawashwa tena wimbi linalofuata, na mizimo hiyo isiyo na mpangilio ndiyo unayoiona kama taa kuchezacheza. Huzidi ukishusha mwanga, kwani hapo mkondo unapungua hata zaidi.

Dawa ni kubadilisha dima, uweke ya LED ambayo kiwango chake cha chini ni wati chache tu. Kuacha balbu moja ya zamani kwenye mzunguko ili kuongeza mzigo kunafanya kazi, lakini unalipia umeme wa joto kila usiku. Ni jaribio zuri na suluhisho baya.

Upande wa juu nao una mtego. Dima iliyoandikwa wati 400 bila kutaja LED haiwezi kubeba wati 400 za LED. Draiva huvuta mkondo kwa vishindo vifupi vikali, hasa dima ikiwa inakata mwanzo wa wimbi, na vishindo hivyo huichosha triaki kuliko wati zilizoandikwa zinavyoonyesha. Kwa dima ya zamani ya aina hiyo, kanuni ya mafundi ni kugawa kwa kumi: 400 inakuwa 40. Dima mpya za LED huandikwa namba mbili, ya balbu za waya na ya LED, na ya LED huwa ndogo zaidi. Fuata hiyo. Na kama dima mbili au tatu zimebanana kwenye bamba moja la ukutani, soma maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kupunguza mzigo wa kila moja, kwa sababu joto halina pa kutokea.

Dima kuwa vuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuacha kiganja juu yake, au unasikia harufu ya plastiki, zima breka sasa hivi na usiirudishe mpaka ifunguliwe.

Mwanga unaozima kabla ya kufika chini, au unaogoma kuwaka

Dalili hizi ni ndugu. Unashusha, na ukifika robo ya mzunguko taa inazima ghafla. Au unaiwasha kutoka chini, hakuna kitu, unapandisha kidogo, hakuna kitu, kisha inaruka na kuwaka kwa nguvu. Balbu tofauti zina vizingiti tofauti, hivyo ukichanganya chapa tatu kwenye dima moja utaona moja imezima, nyingine inapepesa, na ya tatu inang'aa. Weka balbu za chapa moja na modeli moja kwenye kila dima. Hata modeli ileile ikinunuliwa baada ya mwaka mmoja inaweza kuwa na draiva nyingine ndani, kwa hiyo ukipata seti inayotulia, nunua na za akiba siku hiyohiyo.

Zikiwa za aina moja na bado zinazima mapema, rekebisha kiwango cha chini cha dima. Dima nyingi za LED zina kiskrubu kidogo au kigurudumu kwa kazi hii, ambacho huwa kando ya mhimili baada ya kuvuta kitufe cha kuzungusha, au ubavuni mwa dima. Zile za kubonyeza mara nyingi hupangwa kwa kubonyeza na kushikilia, na mpangilio wake uko kwenye karatasi ya maelekezo. Kwanza washa taa zote kwa mwanga kamili na ziache dakika kumi zipate joto, kwa kuwa balbu ikiwa baridi hujibu tofauti na ikiwa moto. Shusha dima hadi mwisho kabisa. Geuza kiskrubu taratibu kuongeza mwanga mpaka kila balbu iwake bila kutikisika. Sasa fanya kile ambacho wengi husahau: zima, subiri kidogo, kisha washa dima ikiwa palepale chini. Zote ziwake mara moja. Kama hata moja inasitasita, ongeza kidogo tena. Ikiwa kiskrubu hakifikiki bila kufunua sehemu zenye umeme, zima breka kwanza, kigeuze kidogo tu, funika, washa, uangalie. Ni kazi ya kurudiarudia, na haraka haifai.

Kuna jambo lingine ambalo huonekana kama kosa nalo si kosa. Pakiti ikisema balbu inashuka hadi asilimia 10, hiyo ni namba ya kipimo. Macho hayaoni hivyo. Mboni hupanuka, na asilimia 10 iliyopimwa huonekana kama theluthi moja ya mwanga. Anayetaka giza la sebuleni wakati wa filamu atafute balbu inayoshuka hadi asilimia 1 au chini zaidi. Rangi nayo haigeuki kuwa ya dhahabu ikishushwa kama ilivyokuwa kwa balbu za waya, isipokuwa balbu zilizotengenezwa mahsusi kwa hilo.

Taa inayoendelea kumulika ikiwa imezimwa

Usiku, swichi imezimwa, na balbu ina mng'ao hafifu kama wa makaa. Au inamweka mara moja, inatulia sekunde kadhaa, inamweka tena. Mkondo mdogo sana unapita kwenye dima, au unarukia kutoka waya jirani ndani ya bomba refu, na kapasita ya draiva, kijisehemu kinachohifadhi umeme, inaukusanya tone kwa tone. Ikijaa, draiva inaamka, inawasha LED kwa kitambo, inaishiwa, na mkusanyo unaanza upya. Swichi zenye kitaa kidogo cha kuonyesha mahali gizani na dima zisizo na waya wa nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndizo zinazoongoza kwa hili, kwani hujilisha kwa kupitisha mkondo kwenye balbu yenyewe.

Kabla ya kutafuta dawa, mtu mwenye ujuzi ahakikishe kwamba swichi inakata waya wenye umeme, si nyutro. Ikiwa inakata nyutro, kishikilia balbu kinabaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa, na hilo lirekebishwe siku hiyo, kwani anayebadilisha balbu anaweza kupigwa. Likiwa sawa, kuna kifaa kidogo cha kufungwa sambamba na balbu, kati ya waya unaotoka kwenye swichi na nyutro, ambacho huuchepusha mkondo huo usifike kwenye draiva. Huuzwa na watengenezaji wengi wa dima kama nyongeza. Kimoja kwa mzunguko mzima kwa kawaida kinatosha, kwenye mojawapo ya taa, si nyuma ya dima. Usibuni chako kwa kapasita iliyotolewa kwenye redio, kwa sababu kapasita inayokaa kwenye umeme wa ukutani lazima iwe ya daraja lililoidhinishwa kwa kazi hiyo, la sivyo inaweza kushika moto. Njia nyingine ni kuweka dima yenye nyutro, kama waya huo umefika kwenye boksi la swichi.

Kuvuma

Sogeza sikio ujue sauti inatoka wapi, kwenye dima au kwenye balbu. Kisha zungusha polepole. Dima ya kukata mwanzo huvuma zaidi ikiwa katikati ya mzunguko, kwa sababu hapo umeme unawashwa wakati wimbi liko kwenye kilele, na mshtuko ndio mkubwa kuliko wote. Ndani ya dima kuna koili ya kutuliza mshtuko huo, nayo hutetemeka. Ndani ya balbu hutetemeka koili na kapasita za draiva. Jaribu kwanza balbu ya modeli nyingine. Kama zote zinavuma, weka dima ya kukata mwisho, na kwa kawaida sauti hupungua sana au kutoweka. Ila mlio wa kukwaruzakwaruza au wa kupasuka si kuvuma. Huo ni waya uliolegea unaotoa cheche, na breka izimwe hapohapo.

Waya uliolegea

Ukifungua dima, vuta kila waya kwa vidole baada ya kuthibitisha hakuna umeme. Usichomoke wala kuzunguka. Angalia rangi ya shaba: ikiwa imekuwa nyeusi au samawati, au ganda la waya limekakamaa na kuwa kahawia, pamekuwa na joto. Kata kipande hicho, menya upya kwa urefu uliochorwa kwenye mgongo wa dima, mara nyingi milimita 8 hadi 10, ingiza shaba yote ndani na ukaze skrubu ibane shaba, si ganda.

Kuna mchezo wa mwanga ambao hautoki kwenye dima. Taa zote za nyumba zikishtuka kila pampu au friji inapowaka, hata zile zisizo na dima, volti inashuka kwenye mzunguko au kwenye njia ya kuingilia. Na ukiona baadhi ya taa zinazidi kung'aa wakati nyingine zinafifia, nyutro kuu inaweza kuwa imelegea. Hiyo huunguza vifaa. Zima swichi kuu na uite fundi umeme bila kungoja kesho.

Mifumo yenye masharti yake

Taa ndogo za dari za volti 12 huficha transfoma juu ya dari. Ya kielektroniki iliyowekwa enzi za halojeni huandikwa, kwa mfano, 20–60W. Ukiiwekea LED ya wati 6 haifiki kiwango cha chini, na taa itacheza hata bila dima. Toa transfoma hiyo, weka draiva ya LED ya volti 12 inayokubali dima, au badilisha kishikilia uweke balbu za umeme wa ukutani.

Kwa utepe wa LED, ni rahisi zaidi kupunguza mwanga upande wa volti ndogo. Draiva ya kawaida hubaki na umeme kamili, na kidhibiti hufungwa kati yake na utepe. Mita 5 za utepe wa wati 9.6 kwa mita ni wati 48. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 4, kwa hiyo kidhibiti kiwe cha zaidi ya ampea 4 na draiva iwe ya wati 60 ili isifanye kazi ikiwa imebanwa. Dima ya ukutani isiwekwe kabla ya draiva isiyoikubali.

Balbu janja zinazopunguza mwanga kwa simu zisikae kwenye dima hata kidogo. Zinahitaji umeme kamili muda wote. Feni nayo isiwekewe dima ya taa, kwani mota yake ina kidhibiti chake.

Taa inayowashwa kutoka sehemu mbili, kama ya ngazi, iwe na dima sehemu moja tu na swichi ya kawaida ya njia mbili upande wa pili. Dima mbili za kawaida kwenye mzunguko mmoja hukata wimbi ambalo limeshakatwa. Ukitaka kudhibiti kutoka pande zote, nunua dima yenye kitufe chake saidizi kutoka kwa mtengenezaji huyohuyo.

Na kama nyumba hutumia inveta, angalia iwapo dima inasumbua tu inveta inapofanya kazi. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazingazi badala ya wimbi laini, na dima inayotegemea kuona wimbi likipita sifuri ili ijue pa kukata huchanganyikiwa. Hapo dima isilaumiwe. Pandisha mwanga hadi mwisho wakati wa inveta, au zitumie taa zilizo kwenye swichi za kawaida mpaka umeme urudi.